Kadi yenye kiinua mgongo changu niikabidhi melini?

Ndugu washauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Shangani, Mtwara Mjini. Binti yetu anayefanya kazi Barcelona ametulipia, mimi na mama yake, safari ya usiku saba kwenye meli ya kitalii. Tunapanda Barcelona, tunapita Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo na Valletta, kisha tunarudi tulikoanzia. Yeye hatasafiri nasi, kazi haimruhusu. Anasema kila kitu kimelipwa. Lakini kwenye karatasi za safari nimesoma kwamba tukifika lazima tusajili njia ya malipo, na kwamba madukani na mikahawani melini fedha taslimu hazipokelewi. Kama kila kitu kimelipwa, njia ya malipo ya nini tena?

Kadi niliyo nayo ni ya ATM, ya akaunti ya shilingi, ile ile ilimoingia kiinua mgongo changu. Ina nembo ya Visa. Jirani yangu ananionya kuwa ukishawapa kadi wanakata wanavyotaka, na wewe utajua ukisharudi nyumbani. Nimewaza kubeba dola mfukoni, au kutumia M-Pesa kama tunavyofanya hapa. Mke wangu naye hajui bakshishi anampa nani na kiasi gani, na anasema hata maji hataagiza. Tufanyeje?

Mstaafu, Shangani

*

Shikamoo Mwalimu, na mama msalimie.

Jirani yako ametia chumvi, ila hofu yake ina mahali inapotoka. Meli haikati inavyotaka, inakata ulichosaini pamoja na makato machache yaliyomo kwenye masharti ya tiketi. Tatizo la kadi kama yako ni jingine: meli inaweza kuzuia fedha nyingi kuliko ulizotumia, na zikakaa zimezuiwa wakati wewe unazihitaji. Kwa hiyo jibu letu kwa swali lako kuu ni hapana, kadi ya kiinua mgongo iache nyumbani. Sababu zake tutazieleza, lakini kwanza uelewe fedha zinavyotembea humo ndani.

Siku ya kupanda kila abiria hupewa kadi ya plastiki ya chumba. Ndiyo ufunguo wa mlango, ndiyo kitambulisho cha kutokea na kuingilia melini, na ndiyo unayoonyesha ukinunua chochote. Haina fedha ndani yake. Inafanya kazi kama daftari la duka la mtaani: unachukua, wanaandika, mwisho wa safari mnahesabiana. Tofauti ni kwamba mwenye duka hili anataka dhamana kabla hujachukua hata soda, na dhamana hiyo ndiyo hiyo "njia ya malipo". Inaweza kuwa kadi ya mkopo, kadi ya ATM yenye nembo ya Visa au Mastercard, au fedha taslimu unazoziweka mapokezi siku ya kwanza. Mhudumu wa mkahawani hapokei noti, ila dawati la mapokezi linapokea. Karatasi zenu hazikulieleza hilo vizuri.

Na "kila kitu kimelipwa" kwa kawaida maana yake ni chumba, chakula cha mikahawa mikuu na ya kujihudumia, maonyesho ya jioni, bwawa la kuogelea na usafiri wenyewe. Mengine yote ni juu yenu isipokuwa kama binti aliyanunua. Mwombe akutumie ankara ya tiketi, si ujumbe wa WhatsApp wa kusema amelipa, na mtafute humo mistari mitatu. Wa kwanza ni ada ya huduma ya kila siku: je, imo au itakatwa melini? Wa pili ni vifurushi, vya vinywaji au vya intaneti. Wa tatu ni salio la zawadi la kutumia melini, ambalo kampuni au wakala huliongeza wakati mwingine kama kivutio. Salio hilo hutangulia kutumika kabla ya fedha zenu, na la aina ya kawaida halirudishwi: lisipotumika hadi usiku wa mwisho limepotea. Kama lipo, litumieni kwa maji na kahawa tangu siku ya kwanza.

Sasa turudi kwenye kadi ya ATM. Ukiisajili, meli huiomba benki yako izuie kiasi fulani kama dhamana. Matumizi yakikaribia kiasi hicho, inaomba kizuizi kingine. Mwisho wa safari inatuma dai la kiasi halisi, na mara nyingi dai hilo huja peke yake wakati vizuizi vya awali bado havijaachiwa. Tuseme wamezuia euro 150, kisha 100, kisha 100 tena. Hizo ni euro 350. Mmetumia kwa kweli euro 330. Kwa siku kadhaa akaunti yako inabeba vyote viwili, yaani euro 680. Ukikadiria euro moja kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, ni shilingi 2,040,000 zimebanwa kwa matumizi ya shilingi 990,000. Mwenye kadi ya mkopo haumii, maana kinachobanwa ni kikomo cha mkopo wa benki. Kwako ni fedha zako mwenyewe. Kuachiwa huchukua wiki moja hadi mwezi kutegemea benki na benki, na mapokezi ya meli hawana uwezo wa kuharakisha, kwa sababu baada ya wao kufunga hesabu ni benki yako ndiyo inayoondoa kizuizi.

Wastaafu wengi wana kadi moja tu, na mitego mingine inaanzia hapo. Kadi ikizuiwa melini, ndiyo hiyo hiyo ungeitumia kulipa teksi Palermo.

Tunachokushauri ni kuweka fedha taslimu za euro kama dhamana, na kubeba kadi ya pili yenye fedha kidogo kama akiba. Kama binti ana kadi ya mkopo ya huko, kuna njia iliyo bora zaidi: aisajili yeye kabla ya safari kwenye tovuti au programu ya kampuni, wakati anapokamilisha taarifa zenu za kupanda, ninyi mumrudishie baadaye. Lakini si kila kampuni inakubali kadi ya mtu asiyesafiri, nyingine hutaka fomu ya idhini, na yeye hataruhusiwa kuingia nanyi hadi kwenye madawati ya kupandia. Aulize kampuni mapema na ajibiwe kwa maandishi. Wakisema ndiyo, aombe na kikomo cha matumizi kiwekwe, hata kama ni ninyi tu wazazi wake. Kikomo huzuia makosa ya mashine pia, si matumizi yenu peke yake.

Kiasi gani cha taslimu? Hebu tupige hesabu ya watu wawili kwa usiku saba. Ada ya huduma kwenye meli za Mediterania kadiria euro 12 kwa mtu kwa usiku: 12 mara 2 mara 7 ni 168. Ndiyo mstari mkubwa kuliko yote, na ndiyo inayowashtua watu maana hawakuagiza chochote. Maji chupa mbili kwa siku, kwa makadirio ya euro 3 kila moja, ni 42. Soda au kahawa mbili kwa siku kwa euro 4 ni 56. Mabasi ya kutoka bandarini kwenda mjini, tuseme bandari mbili, euro 10 kwa kichwa, ni 40. Jumla 306. Wekeni 350 na mtabaki na nafasi ya kupumua. Kama ankara ya binti inaonyesha ada ya huduma imeshalipwa, 200 zinatosha. Ziara za kulipia hazimo humo, tutazigusa. (Meli za kampuni za Kimarekani zina ada ya juu zaidi, nyingi kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, na juu ya kila kinywaji huongeza asilimia 18 hadi 20. Tunalitaja kwa wasomaji wengine, wewe halikuhusu kama meli yenu si ya Kimarekani.)

Euro, si dola. Kwa njia yenu hiyo Hispania, Ufaransa, Italia na Malta zote zinatumia euro, na hesabu ya meli nayo kwa kawaida huwa ya euro, kama si ya Kimarekani. Ukibeba dola utabadilisha mara mbili: shilingi kwa dola hapa, dola kwa euro kule, na dawati la kubadilishia melini lina bei mbaya. Shilingi usibebe kabisa zaidi ya za teksi ya kurudia nyumbani. Kwenye tawi la benki Mtwara ulizia siku kadhaa mapema, nenda na pasipoti na tiketi, kwa kuwa tawi la mkoani si kila siku lina noti za euro. Omba noti za 50, 20 na 10. Za 500 zilikoma kutolewa mwaka 2019. Bado ni halali lakini dukani watakukatalia. Kama benki haina, binti akupe euro Barcelona na wewe ummalizie kwa njia yenu ya kifamilia, itakuwa nafuu kuliko kubadilisha uwanja wa ndege.

M-Pesa hawana melini. Kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu inaweza kununua kitu kwenye tovuti ya kampuni kabla hujaondoka, lakini usiitegemee kama dhamana: mashine ya mapokezi inataka kadi ya kushika mkononi, yenye chipu na namba ya siri.

Hiyo kadi ya akiba, basi, ifungulie akaunti ndogo pembeni, uweke kiasi unachoweza kuvumilia kikizuiwa mwezi mzima. Kabla ya kuondoka mwambie afisa wa benki mambo manne: unasafiri nchi zipi na tarehe zipi, kadi ifunguliwe kwa matumizi ya nje, kikomo cha siku kipandishwe, na upewe namba ya kupiga ukiwa nje. Kisha ijaribu dukani kwa kununua kitu kidogo kwa namba ya siri, kwa sababu kadi ambayo haijawahi kutumika ndiyo inayogoma ugenini. Chochote kinachohitaji ujumbe wa simu wenye namba ya uthibitisho kimalize kabla meli haijang'oa nanga. Baharini simu hushika mtandao wa meli, wenye gharama ya kutisha, na ujumbe wa benki unaweza usifike kabisa. Weka simu kwenye hali ya ndege mkishapanda, uitoe mkiwa bandarini.

Siku ya kupanda msikimbilie chumbani kwanza. Nendeni mapokezi, au kwenye mashine za kujihudumia zilizo karibu nayo ambapo foleni huwa fupi, muweke hizo euro na mchukue risiti. Kampuni nyingi hutoa saa 48 za kusajili, halafu kadi ya chumba inafungiwa manunuzi. Hakikisheni kadi ya mama na yako zimeunganishwa kwenye hesabu moja, la sivyo mtaombwa dhamana mbili. Mwulizeni karani pia akikuta salio limebaki sifuri kadi itakuwaje. Kwa kawaida inagoma tu hadi mwongeze fedha, na hilo si aibu, ndiyo faida ya taslimu: hamwezi kuvuka mlichoweka.

Mashine ya kadi, hapo au madukani bandarini, ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa fedha ya nchi yako, chagua euro kila mara. Ukichagua shilingi au dola unakubali kiwango cha mwenye mashine, ambacho kina faida yake ndani.

Mama asiogope maji. Kwenye mkahawa wa kujihudumia kuna maji, na asubuhi chai, kahawa na maji ya matunda, bure. Kinachowakamata wageni ni chakula cha jioni cha mezani: meli nyingi za Mediterania hutoza maji ya chupa pale, hata kama chakula ni cha bure, na mhudumu huja kuuliza kwa tabasamu mnataka yenye gesi au isiyo na gesi kana kwamba hakuna jibu la tatu. Jibu la tatu lipo: hapana, asante. Chupa zilizo chumbani, juu ya meza au kwenye friji ndogo, nazo zina bei. Mwombeni anayesafisha chumba aziondoe siku ya kwanza, hapo hakuna ubishi wa nani alifungua ipi.

Hukutaja kama mnatumia pombe. Kama hamtumii, kifurushi cha vinywaji vyote hakiwafai, na jihadharini: kampuni nyingi zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue pamoja. Kipo cha vinywaji visivyo na kilevi, lakini kwa soda mbili kwa siku kulipa kimoja kimoja ni nafuu. Msishangae pia kinywaji kile kile kikiwa na bei tofauti siku nyingine. Meli ikiwa kwenye maji ya Hispania kodi ya nchi hiyo inaweza kuongezwa.

Kuhusu bakshishi: hiyo ada ya huduma ya kila siku ndiyo bakshishi, na hugawiwa wasafishaji wa vyumba na wahudumu wa mezani. Mama hadaiwi kitu kingine. Akiridhika na anayewasafishia, noti ya euro 10 mkononi siku ya mwisho ni uungwana mzuri, si wajibu.

Sehemu zinazokula fedha kimyakimya ni masaji (baada yake huja mauzo ya mafuta na krimu ungali umelala), mnada wa picha za kuchora, bingo na kamari. Wapiga picha watawasimamisha kila mlango. Kupigwa ni bure, kuchukua picha ndiyo bei. Ziara zinazouzwa na meli ni ghali kuliko za mtaani, lakini meli itawasubiri basi lake likichelewa, na ninyi mkichelewa wenyewe haitawasubiri. Kwa Marseille, Genoa, Palermo na Valletta tusingelipia ziara ya meli. Kwa Roma, ambayo iko kilomita zipatazo 80 kutoka Civitavecchia, kwa watu wa umri wenu na mara ya kwanza, tungelipia. Tazameni mwisho wa muda wa kughairi kabla ya kusaini.

Zahanati ya melini inastahili tahadhari ya pekee. Kumwona daktari na dawa huandikwa kwenye hesabu ya chumba na hulipwa kabla ya kushuka, hata kama mna bima. Bima ya visa ya Schengen (visa moja ya pamoja ya nchi za Ulaya mnazopitia), ambayo kiwango chake cha chini ni euro 30,000, hurejesha baadaye kwa risiti, au hairejeshi kama mkataba hautaji matibabu ndani ya meli. Soma mkataba huo ukiwa bado Mtwara. Dawa zenu za kila siku, za presha au sukari, bebeni za siku zote na za akiba kwenye mkoba wa mkononi.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi. Kila jioni kabla ya kulala, fungueni hesabu yenu kwenye runinga ya chumbani, kwenye programu ya meli au kwenye mashine ya mapokezi, na mlinganishe na risiti za siku hiyo. Makosa ni ya aina zile zile: kitu kimoja kimeandikwa mara mbili, namba ya chumba cha jirani imeandikwa kama yenu, ziara iliyofutwa kwa hali ya hewa haijarejeshwa, salio la zawadi halijatumika, au ada ya huduma imekatwa tena wakati binti alishailipa. Kosa la jana mhudumu analikumbuka na karani analifuta kwa dakika tano. Kosa la siku ya kwanza mkilidai usiku wa mwisho, mtakuwa kwenye foleni ya watu mia mnaosubiri karani yule yule huku mizigo imeshachukuliwa. Kadi ya chumba ikipotea, toeni taarifa mapokezi papo hapo, wafunge ile na kutoa nyingine.

Siku moja kabla ya kushuka, si asubuhi yenyewe, nendeni mfunge hesabu. Salio la taslimu mtarudishiwa mkononi. Lihesabuni mbele ya karani. Hesabu ikiwa na deni, kadi itakataliwa mlangoni na mtarudishwa mapokezi wakati binti anawangoja nje. Ombeni ankara ya mwisho iliyochapishwa, yenye neno kwamba imelipwa yote.

Ikiwa kwa sababu yoyote mlilazimika kusajili kadi ya akiba, msiitupe ankara hiyo mkirudi. Baada ya wiki mbili angalia taarifa ya akaunti. Kizuizi kikiwa bado kipo, nenda tawini na ankara, pasipoti na risiti ya kusajili kadi, uombe fomu ya malalamiko ya miamala ya kadi, ujaze tarehe na kiasi cha kila kizuizi kimoja kimoja, na uondoke na nakala iliyogongwa muhuri.